Wiki moja mferejini Uingereza pamoja na mama wa miaka 68: tuchague njia gani, na maisha ya botini yakoje?

SWALI: Tunaishi Milton Keynes, mimi, mume wangu na watoto watatu wa miaka 13, 9 na 5. Mwezi wa sita mama yangu anakuja kutoka Tanga, na tumepanga kukodi boti ya mferejini kwa wiki moja. Mume wangu ameshachagua mzunguko wa Four Counties Ring, anasema watu huumaliza kwa wiki. Mimi nina wasiwasi. Hatujawahi kuendesha boti, mama hajui kuogelea, na nimesikia hizo loki, vyumba vya kupandishia na kushushia boti, zinaweza kuzamisha boti. Tena sijui habari za choo, maji, sala na mapishi humo ndani. Mume wangu anaota hata kununua ya kwetu. Tushauri.

JIBU: Dada yangu, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Mimi ni mtu wa Pangani, na kwa miaka 14 sasa nina boti ya futi 50 kwenye mifereji ya huku. Wanangu wamejifunza kutembea juu ya boti hiyo, na mama yangu mzazi amelala humo mara mbili alipokuja kututembelea. Kwa hiyo wasiwasi wako naujua, na nafurahi umeuliza kabla ya kulipa.

Nendeni, na mama aende. Ila Four Counties Ring iacheni kwa mwaka mwingine.

Mume wako hakukosea kusema watu huumaliza kwa wiki. Wapo wanaoumaliza. Lakini ni watu gani, na wanaamka saa ngapi? Sisi wenye boti tuna hesabu yetu: loki moja ni sawa na maili moja, na boti huenda maili 3 kwa saa. Mwendo wa juu unaoruhusiwa ni maili 4, lakini hamtaufikia kwa muda mrefu, maana mfereji ni mwembamba, una kona, na kila mkipita boti iliyofungwa kandoni sharti mpunguze. Four Counties ina maili 110 na loki 94. Jumlisha upate 204, gawa kwa 3, ni saa 68 za kazi. Na wiki ya kukodi haina siku saba kamili: mnapokea boti kama saa 9 alasiri, na siku ya mwisho mnairudisha saa 3 asubuhi. Zinabaki siku sita nzima, yaani zaidi ya saa 11 kila siku, watu wazima wakiwa wawili tu wenye nguvu za kusukuma milango. Jumanne mtaanza kugombana. Nimewaona watu wa namna hiyo kila kiangazi, wanapita mbio jioni wakitafuta mahali pa kufunga, watoto wamenuna, hakuna anayemsemesha mwenzake.

Njia ninayowapendekezea ni mfereji wa Llangollen, kwenye mpaka wa Uingereza na Wales. Wote una loki 21, lakini siri yake ni kwamba 19 zimekusanyika upande wa mashariki, kutoka Hurleston hadi Grindley Brook. Ukikodi boti kutoka kituo kilichoko juu ya Grindley Brook, karibu na mji wa Whitchurch, mnazo maili 30 hivi hadi Llangollen na loki mbili tu njia nzima, zile za New Marton. Kwa hesabu yetu ni saa 11 kwenda na 11 kurudi. Mkisafiri saa nne kwa siku, siku tatu mmefika na siku tatu mmerudi, na bado kuna mchana wa kupika, kutembea na kumwacha mama apumzike. Mtapita kwenye maziwa madogo ya Ellesmere, ambako miti inainama hadi majini, na kuna madaraja ya kuinua ambayo mtoto wa miaka 13 atayapenda kuliko kitu kingine chochote.

Halafu kuna Pontcysyllte. Nataka mwijue kabla hamjaifika, kwa sababu hapo mama anaweza kushtuka. Ni daraja la maji: mfereji wenyewe unavuka bonde la mto Dee ndani ya hori la chuma lenye urefu wa mita 307, mita 38 juu ya mto. Lilifunguliwa mwaka 1805, kazi ya Thomas Telford na William Jessop, na mwaka 2009 UNESCO ililiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Upande mmoja pana njia ya miguu yenye uzio. Upande wa pili hakuna uzio kabisa. Ukingo wa chuma unaishia juu kidogo tu ya maji, na aliyeko botini akitazama huko anaona hewa tupu na vilele vya miti. Watoto wote wawe ndani siku hiyo, mlango umefungwa. Mama achague mwenyewe, apite kwa miguu upande wa uzio akiwa ameshikwa mkono, au akae ndani kwenye kochi. Ukivuka, baada ya kijiji cha Trevor, mfereji unakuwa mwembamba sana, na zipo sehemu ambazo boti mbili haziwezi kupishana. Mtu mmoja atangulie kwa miguu na simu, awaambie walioko nyuma kama njia ni tupu.

Sasa loki, maana ndiyo iliyokutia hofu, na kuihofia kidogo ni vizuri. Loki ni chumba cha mawe au matofali chenye milango huku na huku. Boti inaingia, milango inafungwa, mnafungua vilango vidogo vya kupitishia maji kwa hendeli ya chuma, maji yanaingia au kutoka, na boti inapanda au kushuka hadi ilingane na mfereji wa mbele. Kazi yote hiyo ni ya mikono yenu. Hakuna umeme, na kwenye loki nyingi hakuna mlinzi.

Hatari kubwa iko wakati wa kushuka, na jina lake ni kizingiti. Chini ya milango ya juu kuna ngazi ya jiwe inayojitokeza ndani ya chumba, kama kizingiti cha nyumba kilivyo, ila hiki kimefunikwa na maji mnapoingia hivyo hamkioni. Ukutani pamechorwa mstari mweupe kuonyesha kinapoishia. Maji yakipungua huku tezi, yaani nyuma ya boti, iko juu ya kizingiti, tezi inakalia jiwe, omo, yaani mbele yake, inaendelea kushuka, na maji yanaingia kwa mbele. Boti huzama kwa dakika chache tu. Dawa yake ni nyepesi: anayeshika usukani aiweke boti mbele ya ule mstari na asiache kuutazama mpaka maji yameisha kushuka. Hana kazi nyingine. Hapigi picha, hazungumzi na mpita njia. Na yule aliyeko juu na hendeli amtazame yeye muda wote. Kubalianeni ishara moja, mkono juu maana yake simama. Ishara ikitoka, funga vilango vya milango ya chini mara moja, kisha fungua vya milango ya juu maji yarudi.

Mwaka wangu wa kwanza nilifunga kamba ya mbele imara kwenye nguzo tukiwa tunashuka, kwa mazoea ya gatini nyumbani. Maji yalishuka, kamba haikuwa na pa kwenda, na boti ikaanza kulala ubavu. Vyombo vilianguka jikoni, mwanangu wa kwanza akiwa ndani. Mke wangu alikuwa juu na hendeli, akafunga kilango kabla sijapata hata sauti ya kumwita. Tangu siku hiyo, ndani ya loki kamba yangu huzungushwa nguzoni mara moja tu na kushikwa mkononi, ili iachiwe kadiri maji yanavyoshuka.

Mambo mengine mawili ya loki. Hendeli usiiache imening'inia kwenye mtambo wake, ikifyatuka huzunguka kwa kasi na kuvunja mkono au taya. Na mnapopanda, fungueni vilango nusu kwanza, kwa sababu maji yakiingia kwa nguvu yanaitupa boti huku na huko. Mama na mtoto wa miaka 5 wakae ndani kila mnapokuwa lokini. Ni loki mbili kwenda na zilezile mbili kurudi, haitawachosha.

Kuhusu kutojua kuogelea, mfereji si bahari. Sehemu nyingi kina chake ni mita moja hadi moja na nusu, mtu mzima akianguka husimama. Kinachoua ni propela na kubanwa kati ya boti na ukuta. Boti ya namna hii ina uzito wa tani 15 na zaidi, na haina breki. Usiruhusu mtu yeyote kuizuia kwa mguu au mkono, hata ikienda polepole kiasi gani. Mtu akianguka majini, kitu cha kwanza ni kuitoa injini kwenye gia ili propela isimame. Usirudi nyuma kumfuata, mtupie boya, mwelekeze kandoni. Watoto na mama wavae jaketi za kuokolea kila wakiwa nje. Waombe wakodishaji mapema, mkiwatajia uzito wa kila mmoja.

Usukani wenyewe mtauzoea kwa saa moja. Kana, yaani mkono wa usukani, ukiisukuma kushoto, boti inaelekea kulia, sawasawa na mashua ya kwetu. Kinachowachanganya wageni ni kwamba boti ndefu huzunguka katikati yake: omo ikienda kulia, tezi inaenda kushoto na kugonga ukuta. Pitieni kulia mkikutana na wengine. Mkikaribia boti iliyofungwa punguzeni mwendo mapema kabisa, maana mawimbi yenu huving'oa ardhini vigingi vya kamba zake na kumwaga chai ya mtu. Mkipwelewa kandoni, yaani boti ikikwama penye maji haba, na mtapwelewa, msikanyage mafuta kwenda mbele. Rudini nyuma kwa njia mliyoingilia, watu wahamie upande wenye kina, na kuna upondo mrefu wa kusukumia juu ya paa. Mama akiuona atautambua.

Unaweza kujiuliza kwa nini boti hizi ni nyembamba hivyo, futi 6 na inchi 10 tu, hata watu wawili wakikutana ndani mmoja ajibane ukutani. Ni kwa sababu loki za mafundi wa karne ya 18, James Brindley na wenzake, zilijengwa kwa upana wa futi 7 hivi ili kuokoa maji na fedha. Mfereji wa Bridgewater ulianza kupeleka makaa ya mawe Manchester kutoka Worsley mwaka 1761, na baadaye farasi mmoja akitembea kandoni alikokota mzigo ambao barabara za wakati ule zisingeubeba. Njia mtakayotembelea na mama jioni ndiyo ile ya farasi. Familia nzima ziliishi kwenye kijumba cha nyuma kisichozidi mita tatu, mzigo ukichukua sehemu yote iliyobaki. Reli na malori vilidhoofisha biashara, na baridi ya mwaka 1962 na 1963, mifereji ilipoganda kwa wiki nyingi, ikaimaliza karibu yote. Leo maili 2,000 hivi za England na Wales ziko chini ya shirika la hisani la Canal & River Trust, tangu mwaka 2012, na kazi nyingi zinafanywa na watu wa kujitolea. Mkikuta mzee anafagia majani lokini, msalimieni. Mara nyingi halipwi.

Tuje kwenye nyumba.

Choo ndicho kitakachowaamulia aina ya boti. Ziko boti zenye choo cha kaseti, kidumu cha lita 20 hivi ambacho mnakibeba wenyewe kwenda kukimwaga kwenye vituo maalumu, na ziko zenye tangi kubwa linalovutwa kwa pampu. Nakuambia kama ndugu: sisi tunaotumia maji chooni, kaseti haitufai. Watu sita wenye kopo wataijaza kabla jua halijazama. Uliza neno hilo hilo unapokodi, na chukua yenye tangi. Kwa idadi yenu, yenye vyoo viwili ni bora zaidi.

Maji ya kuoga, kupikia na kutawadha yako kwenye tangi mbele ya boti. Lijazeni kila siku mkipita kwenye bomba, msisubiri liishe. Kujaza huchukua nusu saa, wakati mwingine saa nzima, na hapo ndipo mtapiga gumzo na majirani. Maji ya mferejini msitawadhe nayo wala msioshee kitu. Mkojo wa panya huweza kuleta homa kali inayoitwa leptospirosisi, kwa hiyo anayeshika kamba aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na mwenye kidonda akifunike.

Umeme unatoka kwenye betri, na betri zinachajiwa na injini mkitembea. Saa nne za safari zinatosha kwa taa, simu, friji na maji ya moto. Pasi, birika la umeme na mashine ya kukausha nywele viacheni nyumbani. Mkiwa mmefunga, injini haipaswi kunguruma kati ya saa 2 usiku na saa 2 asubuhi, kwa ajili ya majirani.

Jiko ni la mtungi wa gesi. Pilau inaiva vizuri, chapati pia, lakini fungua dirisha. Madirisha na matundu ya hewa ya boti msiyazibe hata mkihisi baridi. Kwetu tunajua habari za jiko la mkaa kulazwa chumbani, na boti ni chumba kidogo kuliko vyote. Kengele ya kaboni monoksaidi ni lazima kwa sheria za usalama wa boti, basi siku ya kwanza ibonyezeni muisikie inalia. Nyama ya halali nunueni Milton Keynes, igandisheni, mje nayo kwenye boksi la barafu, kwa sababu vijiji vya njia ile vina maduka madogo na hamtaipata.

Sala fungeni boti kwanza. Ikitembea, kibla kinabadilika kwenye kila kona. Ikifungwa, fungua dira ya simu, kibla kiko kusini-mashariki, na kama ndani pamebana, nyasi za kandoni ni msala mzuri. Mwezi wa sita Magharibi huingia kama saa 3 na nusu usiku, kwa hiyo mwanga wa jioni mnao tele. Lakini fungeni mapema, boti za kukodi kwa kawaida haziruhusiwi kutembea gizani, na nafasi nzuri hujaa kuanzia alasiri.

Ndoto ya mume wako isivunjwe, ila ingoje. Kununua boti ni jambo la siku moja, kuishi nayo ni jambo la kila wiki. Utahitaji leseni, bima, na cheti cha usalama kila baada ya miaka minne. Kila miaka miwili au mitatu inatolewa majini na kupakwa lami chini, kama jahazi linavyotiwa deheni. Asiye na mahali pa kudumu pa kuifunga, sheria ya mwaka 1995 inamtaka aendelee kusafiri na asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14, na tangu mwaka 2024 leseni yake ina ada ya nyongeza. Kwa mwenye watoto watatu shuleni hilo si jambo dogo, maana shule haihami. Mwambie akodi tena mara moja mwezi wa kumi na moja, aamke na ukungu kwenye madirisha na makaa yamezimika, kisha mzungumze. Na akipata ya kununua, asitoe fedha kabla fundi wa kujitegemea hajapima unene wa chuma cha chini ya maji. Rangi mpya na mapazia vimewaponza wengi.

Kabla ya mwezi wa sita fanyeni jambo moja. Mfereji wa Grand Union unapita hapo hapo kwenu. Kutoka Fenny Stratford hadi Cosgrove ni maili kama 11 bila loki, na boti za siku moja hukodishwa. Nyinyi wawili nendeni mkajifunze kushika kana na kufunga kamba, watoto wakiwa kwa rafiki. Mama akishafika, mtembezeni kwa miguu kwenye daraja la maji la Cosgrove, lile la chuma la mwaka 1811 linalovuka mto Great Ouse. Ni dogo mbele ya Pontcysyllte, lakini uso wake hapo utawaambia avuke vipi kule.

Botini mpeni nafasi ya mbele, kwenye omo. Injini iko nyuma, kwa hiyo huku mbele hakuna ila sauti ya maji na bata. Mkimwekea kiti chenye mgongo, blanketi na chupa ya chai ya tangawizi, hataondoka hapo. Usiku wa kwanza mwonyesheni jinsi mlango wa mbele unavyofunguka kwa ndani, ili akiamka kwa ajili ya alfajiri asikae gizani akingoja mtu wa kumfungulia.